Seng'enge ya miba si uzio wa farasi

“Kwa nini nisimweke farasi ndani ya seng'enge ya miba? Si ng'ombe wamekaa humo miaka yote?” Swali hili linatoka Karen, Naivasha, Nanyuki hadi Usa River, na mara nyingi mwenye kuuliza ana farasi aliyekwisha kushonwa mguu. Tulijibu kikamilifu, kisha tupitie dhana nyingine zinazotembea nalo.

Dhana: Seng'enge iliyoweza ng'ombe itaweza farasi

Haiwezi. Ng'ombe ana ngozi nene, na akichomwa na mwiba husimama au hurudi nyuma. Kinga ya farasi ni mbio. Akinaswa mguu huvuta kwa uzito wote wa kilo 450 au 500, na haachi mpaka kitu kikatike. Seng'enge mpya haikatiki. Isitoshe, waya ni mwembamba, na farasi aliye mbioni hauoni hadi umguse kifua.

Pabaya zaidi ni pale panapokatwa. Chini ya goti la mbele na chini ya kifundo kikubwa cha mguu wa nyuma hakuna misuli: ni ngozi, kano, mishipa na mfupa. Ngozi ya hapo ikichanika haivutiki kurudi pamoja, na kidonda huota nyama nyekundu inayopanda juu ya ngozi na kukizuia kufunga. Hapo ni miezi ya kubadilisha bandeji. Hatari kubwa kuliko hiyo ni tundu dogo. Mwiba ukiingia kwenye kiungo au kwenye ala ya kano (mfuko unaoizunguka kano), bakteria huzaliana ndani ya majimaji yake, na usiposafishwa mapema farasi hubaki kilema. Kwa hiyo tundu la ukubwa wa punje ya hindi karibu na kiungo halipulizwi dawa ya rangi likaachwa hadi kesho. Daktari aitwe siku hiyohiyo, hata kama farasi anatembea vizuri. Tena farasi ni mmoja wa wanyama wanaodhuriwa vibaya mno na pepopunda. Chanjo yake iwe hai wakati wote, uzio uwe wa aina yoyote.

“Wangu ameizoea.” Ameizoea akiwa ametulia. Siku mbwa wa jirani wakiingia, fisi akipita usiku au fataki zikilipuka, mazoea hayo hayapo tena.

Halafu wapo wanaotia umeme kwenye seng'enge hiyohiyo. Tafadhali, kamwe! Mnyama aliyeshikwa na miba hawezi kujinasua, na kila sekunde anapigwa tena na shoti.

Kama seng'enge ni ya mpaka na jirani hakubali itolewe, jenga uzio wa pili ndani, mita 2 kutoka kwenye mpaka: utepe mpana wa umeme, mistari miwili, mmoja sentimita 70 kutoka ardhini, mwingine mita 1.25. Ukifanikiwa kuitoa, ikunje na kuiondoa shambani siku hiyo, kisha pitisha sumaku kwenye nyasi kuokota vipande na misumari.

Dhana: Fensi ya umeme itamuua

Mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hutoa pigo fupi sana, takriban mara moja kwa sekunde. Volti ni maelfu, lakini pigo halidumu kiasi cha kumdhuru mnyama mwenye afya. Kinachoua ni kuunganisha waya moja kwa moja na umeme wa nyumba, na huo ni uhalifu, si uzio.

Lalamiko la kweli ni “farasi wanaipita tu”, na karibu kila mara kosa liko kwenye ethi, yaani fimbo za chuma zinazounganisha mashine na udongo. Fimbo moja ya nondo iliyopigwa futi mbili haitoshi. Weka fimbo tatu za chuma kilichopakwa zinki, urefu wa mita 1.8 kila moja, zikiachana mita 3, mbali na ethi ya nyumba. Kupima: nenda mita 100 kutoka kwenye mashine, egemeza vyuma kwenye waya mpaka volti zishuke chini ya 2,000, kisha pima fimbo ya mwisho ya ethi. Ikionyesha zaidi ya volti 300, ongeza fimbo. Kiangazi udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fanya mstari mmoja wa uzio uwe ethi, farasi akigusa yote miwili ashtuke. Lengo ni angalau volti 4,000 mwisho kabisa wa uzio. Na nyasi zinazogusa waya zikatwe.

Dhana: Utepe wa rangi ya machungwa unaonekana zaidi

Kwa macho yako. Farasi huona bluu na njano. Machungwa, nyekundu na kijani kwake hukaribiana sana. Uingereza walibadilisha rangi ya machungwa kwenye vikwazo vya mbio za farasi kuwa nyeupe kwa sababu hiyo. Nunua utepe mweupe wa milimita 40, uusokote mara moja kati ya nguzo na nguzo ili upepo usiupigepige na kuukata.

Dhana: Oili chafu hulinda nguzo

Hukaa juu juu tu, mchwa wakaingilia usawa wa ardhi. Farasi hutafuna mbao, na oili iliyotumika ina mabaki ya metali yasiyofaa kuingia mdomoni mwake. Lipa zaidi upate mikaratusi iliyotiwa dawa kiwandani, au mtarakwa mkavu. Nguzo ya mita 2.1 ichimbiwe sentimita 75. Vipande vya mbao zenye dawa visichomwe jikoni wala majivu yake yasimwagwe malishoni, yana aseniki.

Dhana: Ua wa miti unatosha

Kayaba ina miba mirefu inayozama kwenye viungo. Utomvu wa mnyaa huunguza macho. Oleanda huua kwa majani machache, hata yaliyokauka, kwa hiyo ing'olewe. Ua mwingine ubaki, lakini nyuma ya uzio.

Dhana: Wavu wowote ni salama

Wenye matundu ya sentimita 15 hupitisha kwato, na kiatu cha chuma hunasa. Chagua matundu ya sentimita 5 kwa 10, na juu upigilie ubao ili wasiukandamize.

Mwisho, kwa fundi: mbao zipigiliwe upande wa ndani wa nguzo, walipo farasi. Ukizipiga nje, farasi akiegemea anasukuma misumari itoke, na ncha zake zinamsubiri yeye na saisi, mtunzaji wake. Nguzo za chuma zivikwe kofia za plastiki.