Tela la tipa lenye chasisi au lisilo na chasisi? Tazama kwanza unakomwaga

Wiki hii nimepigiwa simu na vijana wawili, mmoja wa Lubumbashi na mwingine wa Eldoret. Wote wako hapa Fort Worth, Texas, na wote wamechoka kuvuta makontena, wanataka kuingia kwenye kokoto. Swali lao ni moja: ninunue tela lenye chasisi au lisilo nayo? Nimeona niandike, maana wanaouliza hivi ni wengi.

Tela lenye chasisi tumelizoea tangu nyumbani. Reli mbili nzito za chuma zinapita chini, bodi limelala juu yake na nyuma limefungwa kwa bawaba. Jeki, yaani silinda ya haidroliki inayonyanyua bodi, ikisukuma, bodi linapanda, chasisi na magurudumu havisogei. Lile lisilo na chasisi halina reli hizo. Bodi lenyewe ndilo uti wa mgongo: nyuma limekaa juu ya ekseli, mbele limeegemea kichwa cha lori, yaani gari linalovuta, na mikono miwili ya chuma inaliunganisha na sehemu inayokaa kwenye kichwa. Jeki ikinyanyua, pua inapanda na magurudumu ya tela yanavutwa kuja mbele. Hapo ndipo dereva mgeni hukosea. Ukifunga breki za kichwa na za tela kwa pamoja, magurudumu hayana pa kwenda, na nguvu yote ya jeki inaishia kwenye mikono na pini. Mimi nafunga za kichwa, nafungua za tela, kisha nanyanyua polepole huku nikitazama vioo vyote viwili.

Kwa nini basi watu wanalipenda? Uzito. Sheria ya barabara kuu za Marekani inaruhusu pauni 80,000 kwa gari, tela na mzigo pamoja, yaani kilo 36,000 na ushei. Kila pauni ya chuma unayoipunguza ni pauni ya kokoto unayoiongeza, na sisi tunalipwa kwa tani. Chukua tofauti ya tani moja ya Marekani, pauni 2,000. Ukienda machimbo ya mawe ya chokaa kule Bridgeport mara tano kwa siku, siku tano kwa wiki, hizo ni tani 25. Ni kama safari nzima ya bure kila wiki.

Hesabu hiyo ni tamu, na ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu inafanywa mzanini kwenye machimbo, mahali palipo tambarare. Tela halianguki pale. Linaanguka saitini, kwenye kifusi kilichomwagwa jana, upande mmoja umezama kidogo na bodi liko juu. Lenye chasisi nalo huanguka, usidanganyike. Ila lina reli chini zinazolisaidia kukataa kujipinda, na magurudumu yake hayahitaji kutembea ndipo limwage. Lisilo na chasisi likiwa kwenye tope, magurudumu yanakwama huku jeki inaendelea kuvuta. Hapo ni kushusha bodi na kutafuta mahali pengine, hata kama msimamizi wa saiti anapiga kelele.

Na udongo wa Dallas ni habari nyingine. Ni mweusi, wa mfinyanzi, unanata kama ule wa Athi River. Siku moja baada ya mvua nilinyanyua bodi, udongo wa nyuma ukatoka, wa mbele ukaganda palepale juu. Tani kadhaa zilikuwa zimening'inia karibu na kilele cha jeki, na tela likaanza kuegemea kulia. Nilishusha taratibu sana, na mikono ilinitetemeka hadi jioni. Tangu siku hiyo sibebi udongo mbichi kwa tela lisilo na chasisi.

Kwa hiyo jibu langu kwa wale vijana ni hili. Kama kazi yako ni kokoto na mchanga kutoka machimbo hadi kiwanda cha lami au cha zege, ardhi ngumu na sawa, nunua lisilo na chasisi, na ikiwezekana lenye bodi la mviringo, mzigo unateleza vizuri. Kama unabeba mawe makubwa, zege la kubomolewa, au unamwaga kila siku kwenye saiti mpya, kubali kupoteza ile tani na uchukue lenye chasisi.

Ukinunua lililotumika, ingia chini na tochi kabla ya kuzungumza bei. Kwa lisilo na chasisi, kila mtikisiko wa barabara unabebwa na bodi, kwa hiyo kagua mishono ya kuchomelea juu ya ekseli na pale mikono inapoungana na bodi. Mstari mwembamba wa kutu unaotoka kwenye mshono ni ufa. Kisha mwombe muuzaji alinyanyue hadi mwisho likiwa tupu, usimame mbali nyuma yake, uangalie kama linapanda sawa bila kuegemea upande.