Potasiamu pamanganeti haiwaki, lakini huwasha inachokigusa

Kila ninapoingia kukagua stoo ya kemikali, kuna chupa moja ninayoitafuta kabla ya nyingine zote: ya potasiamu pamanganeti. Zimo kemikali zenye sumu kali kuliko hiyo, na kwa kawaida zimefungiwa vizuri, kila anayezishika akijihadhari. Hii watu wameizoea. Wameiona tangu shuleni, ile zambarau inayosambaa ndani ya maji kama moshi. Wanajua hutumika kusafisha maji na kuoshea vidonda ikiwa imechanganywa nyepesi sana. Kwa hiyo chupa yake huachwa popote, na mara nyingi kifuniko chake kimelegea.

Ndani ya chupa mna chengachenga za zambarau iliyokoza, karibu nyeusi, zenye mng'ao kama wa chuma. Zikisagika huwa unga laini unaopeperuka kirahisi. Unga huo hauwaki wenyewe. Kazi yake ni kutoa oksijeni na kukipa kitu kingine, ndiyo maana wanakemia huuita kioksidishaji. Ukikutana na sukari, mkaa, salfa, spiriti, mafuta, karatasi au unga wa metali, unavipa uwezo wa kuwaka kwa kasi ambayo hewa ya kawaida haiwezi kuvipa. Ukipashwa moto peke yake, ukifikia takriban nyuzi 240 za Selsiasi huanza kuvunjika na kuachia oksijeni, na moto wowote ulio karibu hupata nguvu mpya.

Alama yake kwenye lebo ni mwali wa moto uliokaa juu ya duara. Tangu mwaka 2003, Umoja wa Mataifa ulipochapisha mfumo wa pamoja wa kuweka alama za kemikali, mwali huo umesambaa duniani kote. Hata hivyo, bado nakutana na wahudumu wa maabara wanaousoma kama alama ya kitu kinachowaka, kisha wanaiweka chupa kwenye kabati moja na spiriti wakiamini wamepanga vizuri. Duara lile lina maana yake. Mwali usio na duara ni wa kitu kinachowaka, na wenye duara ni wa kitu kinachochochea moto. Viwili hivyo havikai pamoja.

Kosa lingine la kupanga linatokana na nia njema kabisa, yaani kuzipanga kemikali kwa alfabeti. Rafu inapendeza na kila kitu kinapatikana upesi, lakini kwa utaratibu huo potasiamu pamanganeti hujikuta jirani na propanoli, ambayo ni kimiminika kinachoshika moto kirahisi. Chupa mbili zikianguka pamoja, alfabeti haitamsaidia mtu. Panga kwanza kwa tabia ya kemikali, halafu ndani ya kila kundi tumia alfabeti upendavyo. Vioksidishaji vipate rafu yao, mbali na asidi, mbali na vimiminika vinavyowaka, mbali na chumvi za amonia na haidrojeni peroksaidi. Rafu iwe ya chuma kilichopakwa rangi au ya plastiki ngumu. Rafu ya mbao haifai, kwa kuwa mbao nayo ni chakula cha moto. Chupa ikae juu ya trei, chini ya usawa wa macho, mahali pakavu pasipopigwa na jua.

Kuhusu asidi nitasema zaidi kidogo, kwa sababu hapo hatari hubadilika sura. Asidi hidrokloriki ikikutana na unga huu hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Asidi ya salfa isiyochanganywa na maji ni mbaya zaidi: huzalisha kitu chenye umbo la mafuta ambacho hulipuka kwa joto dogo tu, au kikigusa karatasi. Wanaoandaa myeyusho wenye asidi kwa ajili ya majaribio huanza na asidi ambayo tayari imezimuliwa kwa maji mengi. Unga mkavu na asidi kali visikutane hata kwa bahati mbaya.

Niliwahi kuitwa kwenye maabara moja ya kufundishia asubuhi, baada ya pipa la taka kuungua usiku. Hakuna aliyeumia. Mfuko wa plastiki ulikuwa umeyeyuka na kugandamana na sakafu, na ukuta ulikuwa na masizi hadi usawa wa kiuno. Kwenye kipande cha tishu kilichosalia palikuwa na doa la zambarau lenye kingo za kahawia. Tulipouliza, tukaambiwa kwamba jana yake chengachenga chache zilimwagika mezani, mtu akazikusanya kwa tishu na kuitupa juu ya tishu nyingine zilizofuta glisarini. Wakamaliza kazi, wakazima taa, wakaenda nyumbani.

Huo ndio ujanja wa kemikali hii. Ikikutana na glisarini, mwanzoni huoni kitu. Sekunde zinapita, ukungu mweupe unaanza kupanda, halafu mwali unaruka ghafla ukiwa na rangi ya zambarau iliyopauka. Unga ukiwa laini, kusubiri ni kufupi. Chenga zikiwa kubwa au chumba kikiwa cha baridi, kusubiri hurefuka. Mtu anayeinama kuangalia kwa nini hakuna kinachotokea ndiye anayeungua uso. Mtu anayetupa taka na kuondoka anaacha moto ambao bado haujazaliwa.

Kwa hiyo ikimwagika, usitumie tishu wala maranda. Inyunyizie maji kidogo ili vumbi lisiruke, ikusanye kwa zoleo safi la plastiki, uiweke kwenye chombo safi cha kioo au plastiki chenye lebo, kisha osha mahali hapo kwa maji mengi. Kitambaa kilichotumika kiloweke ndani ya maji kabla ya kukiondoa maabara. Doa la kahawia linalobaki ni manganizi dioksaidi. Linaudhi macho, lakini haliwashi kitu. Wako wanaolimwagia haidrojeni peroksaidi ili litoke haraka. Kama kuna chenga zozote zilizobaki, peroksaidi kali itachemka kwa nguvu na kurusha matone usoni. Acha doa.

Unapopima, vaa miwani ya kinga inayoziba pembeni, glavu za naitraili na koti la maabara, na fanya kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa kama unga ni laini. Pimia kwenye glasi ya saa, yaani kisahani kidogo cha kioo. Kijiko kiwe safi na kikavu, na kama inawezekana kiwe cha kemikali hiyo pekee. Kiasi kilichozidi usikirudishe chupani hata kama ni kidogo na unaona uchungu kukipoteza, maana chembe ya sukari au salfa iliyonasa kwenye kijiko itaingia nacho na kukaa humo miezi. Chupa ya zamani ikiwa imeganda, usiipondeponde kwa kijiti cha mbao wala usiisage kwenye kinu kilichotumika kwa kitu kingine. Hiyo imefika mwisho wa maisha yake. Iandikie tarehe na uiweke kwenye taka za vioksidishaji.

Na usinunue kingi. Kutengeneza lita moja ya myeyusho wa moli 0.02 kwa lita, ambao ndio unaotumika sana kwenye titresheni (kupima kiasi cha kemikali kwa kudondosha myeyusho kidogo kidogo), unahitaji gramu 3.16 tu. Chupa ya gramu 500 inatoa zaidi ya lita 150 za myeyusho huo. Nimeona stoo ndogo zenye makopo ya kilo kadhaa yaliyonunuliwa kwa sababu bei ya jumla ilikuwa nafuu. Myeyusho wenyewe utunze kwenye chupa ya kahawia, kwa kuwa mwanga huuharibu polepole.

Taka zake zisiende kwenye sinki. Ni sumu kwa samaki na viumbe wengine wa majini. Mabaki ya myeyusho mwepesi unaweza kuyatuliza kwa kuongeza kidogo kidogo myeyusho mwepesi wa vitamini C au wa sodiamu thiosalfeti, huku ukikoroga, hadi zambarau itoweke, kisha uyakabidhi kwa utaratibu wa taka wa taasisi yako. Unga mkavu usiutulize hivyo. Huo unakusanywa kama ulivyo.

Moto ukitokea, tumia maji, tena mengi. Mtungi wa kaboni dioksaidi na blanketi la moto hufanya kazi kwa kunyima moto hewa, na moto huu umebeba oksijeni yake. Kama umeshakua, toka na uwaachie zimamoto, ukiwaambia ni kioksidishaji gani kimo ndani na ni kiasi gani.

Mwilini, unga huu huchoma. Ukigusa ngozi, pangusa chenga kavu kwanza kisha osha kwa maji yanayotiririka. Rangi ya kahawia itatoka yenyewe baada ya siku kadhaa, usiikwangue. Ukiingia jichoni, shikilia kope wazi chini ya maji kwa dakika zisizopungua 15 na uende hospitali hata kama maumivu yamepoa. Kuvuta vumbi lake huwasha koo na mapafu, na tangu karne ya 19 inajulikana kwamba wafanyakazi waliovuta vumbi la manganizi kwa muda mrefu walipata madhara ya mishipa ya fahamu. Aliyeumeza asitapishwe, kwa sababu kilichochoma koo kikishuka kitalichoma tena kikipanda. Asukutue mdomo, apelekwe hospitali mara moja, na anayempeleka abebe lebo ya chupa au picha yake, ili daktari asianze kwa kukisia.