"Jaji wa maisha" si jaji asiyeguswa

Wengi husema kwamba jaji wa mahakama ya shirikisho Marekani akishaapishwa, basi, amekaa mpaka kaburini na hakuna wa kumgusa. Nusu yake ni kweli. Umri wa lazima wa kustaafu haupo: Wesley Brown wa Kansas, aliyeteuliwa na Rais Kennedy mwaka 1962, alifariki Januari 2012 akiwa na miaka 104, bado jaji. Lakini Katiba haitaji "maisha". Inasema majaji watashika nafasi zao maadamu mwenendo wao ni mwema.

Mwenendo ukiharibika, Baraza la Wawakilishi humfungulia jaji mashtaka, na theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria wakimtia hatiani, kazi imekwisha. Majaji 8 wameondoka hivyo, wa kwanza mwaka 1804. Rais hawezi kumfukuza hata jaji aliyemteua mwenyewe.

Kisa cha Harry Claiborne wa Nevada hunishangaza kuliko vyote. Mwaka 1984 alipatikana na hatia ya udanganyifu wa kodi. Akafungwa, lakini akakataa kujiuzulu. Na kwa kuwa kifungo peke yake hakimvui jaji wadhifa, aliendelea kupokea mshahara akiwa gerezani (ndiyo, gerezani) hadi Seneti ilipomwondoa Oktoba 1986.

Naye Alcee Hastings wa Florida aliondolewa mwaka 1989. Miaka 3 baadaye wapiga kura walimpeleka kwenye Baraza lilelile lililomshtaki.