"Tuko Sawa" kwa Damu ya Mmoja

Juzi, katika zahanati yetu ya mashinani upande wa Nyando, mwendesha bodaboda mmoja alikataa kupimwa virusi vya UKIMWI kwa maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi hata ninaweza kuyatamka pamoja na msemaji: "Sista, mama watoto alishapimwa hapa kliniki, tuko sawa." Aliyasema kwa adabu, kofia mkononi. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya wajawazito na siku hiyo subira iliniishia, nikamwuliza: katika hiyo "tuko", ni nani mwingine aliyechomwa kidole?

Mkewe alichomwa peke yake, tone la damu lilikuwa lake, na majibu yaliandikwa katika kijitabu chake cha mama na mtoto. Yalipofika nyumbani yakawa ya wingi. Wingi huo, hata hivyo, hufanya kazi upande mmoja tu. Majibu yakiwa hasi, mume husema "tuko sawa". Yakiwa chanya, kiambishi hubadilika ghafla na tunasikia "ameuleta". Sijawahi kumsikia mwanamume ambaye hajapimwa akisema "tunao".

Wengi huniona mwongo ninapowaambia kwamba mume anaweza kuwa na virusi ilhali mkewe hana, na wamelala kitanda kimoja miaka mitano. Wanadhani virusi huambukiza kila mara, kama mvua inavyomlowesha kila aliye nje. Makadirio yanayotumiwa sana ni haya: mwanamume mwenye virusi asiyetumia dawa akilala na mwanamke bila kondomu, hatari kwa mwanamke ni takriban 8 katika kila tendo 10,000, na mwanamke akiwa ndiye mwenye virusi, hatari kwa mwanamume ni kama 4. Huo ni wastani tu. Hatari hupanda sana kukiwa na vidonda au magonjwa mengine ya zinaa, na pia katika wiki za mwanzo za maambukizi, wakati ambapo virusi vimejaa katika damu na mwenyewe anadhani ana malaria. Kwa hiyo majibu hasi ya mke hayamaanishi kwamba damu yao "haishiki", kama wengine wanavyojisifu, wala hayamwelezi mume chochote kuhusu mume.

Hesabu hizo niliwahi kuzitaja katika baraza la chifu, na baada ya mkutano wanaume wawili wakanijia kuuliza kama basi mtu anaweza kubahatisha. Tangu siku hiyo huzitaja tu kwa mtu niliyeketi naye ana kwa ana, ambaye ninaweza kumweleza kwamba tendo moja huongezwa juu ya jingine mwaka baada ya mwaka, na kwamba hakuna anayejua litakalokuwa lake. Sina hakika kwamba ninafanya vyema. Nikizificha hesabu, ninaiacha ile hadithi ya damu isiyoshika iendelee kutembea kijijini bila kupingwa.

Kuna sababu nyingine ambayo ni ngumu zaidi kuieleza. Mume anaweza kuwa anachukua dawa za ARV katika kituo cha mbali ambako hajulikani, na anazimeza kila siku bila kukosa, hata virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo. Mtu wa namna hiyo hamwambukizi mkewe. Utafiti uitwao PARTNER, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia wenza wenye hali tofauti, yaani mmoja ana virusi na mwingine hana, ambao kwa jumla walishiriki ngono bila kondomu takriban mara 58,000, na haukupata hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza ambaye virusi vyake vilikuwa chini ya 200 kwa mililita ya damu. Nimewahi kuandika "hasi" katika kijitabu cha mama huku nikijua kitu kuhusu mumewe ambacho yeye hakukijua, na sikuwa na ruhusa ya kukisema. Mume huyo alikuwa akimlinda mkewe na kumficha kwa wakati mmoja. Vitabu vinasema nimhimize ajitokeze mwenyewe. Nilimhimiza, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Linaloniudhi kuliko yote ni kuchanganya wa kwanza kujua na wa kwanza kupata. Mwanamke hupimwa kwanza kwa sababu mimba ndiyo iliyomleta. Anapofika kliniki mara ya kwanza anapewa kipimo, hupewa tena katika miezi ya mwisho ya mimba, na hurudiwa anaponyonyesha. Mumewe anaweza kumaliza miaka mingi bila kuingia hospitalini isipokuwa pikipiki imwangushe. Ukimpima mmoja mara tatu na mwingine usimpime kabisa, si ajabu ugonjwa uonekane kwa yule wa kwanza! Kipimo tunachotumia husoma kingamwili zilizo katika damu, yaani kinga ambayo mwili huitengeneza dhidi ya virusi, na hakina kalenda. Hakisemi virusi viliingia lini wala kupitia kwa nani. Hata hivyo, nimewaona wakwe wakiketi kuamua kesi ya ndoa kwa ushahidi wa kijitabu cha mama na mtoto, na mwanamke akarudishwa kwao na kitoto cha wiki sita mgongoni, kabla mumewe hajatoa hata tone moja.

Majibu ya mume yanamhusu hata mtoto. Mama aliyekuwa hasi akiambukizwa wakati ananyonyesha, virusi huwa vingi mno mwilini mwake katika kipindi hicho, na mtoto huwa katika hatari kubwa huku kijitabu kikiendelea kusema kwamba mambo ni shwari. Ndiyo maana humpima tena, na ndiyo maana yeye hunung'unika, "Sista, si mlinipima?"

Tohara nitaipitia haraka: utafiti uliofanywa hapa Kisumu kwa vijana wa miaka 18 hadi 24, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007, pamoja na mwingine wa Uganda na wa Afrika Kusini, ulionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60. Haiondoi hatari yote, wala si cheti cha kupimwa.

Kumlazimisha mume hatuwezi. Sheria ya UKIMWI ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza, hata kwa sharti la ndoa, jambo ambalo baadhi ya wachungaji wetu wangefaa kulisoma. Kwa hiyo humpa mama kipimo cha kujipima akipeleke nyumbani. Utafiti mwingine wa Kisumu, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta kwamba wanawake waliopewa vipimo hivyo, takriban 91 kati ya kila 100 walisema waume zao walipimwa, ikilinganishwa na 52 kwa waliopewa barua ya mwaliko. Ninavitoa kwa moyo mzito kidogo, maana tumemfanya tena mama kuwa mjumbe, na mjumbe wa kwetu huuawa. Kwanza humwuliza kama kuna siku alipigwa nyumbani. Akinyamaza, simpi.

Mbinu nyingine ni kuwahudumia kwanza wanaokuja na waume. Mjane, na yule ambaye mumewe yuko Muhoroni akikata miwa, hubaki kwenye benchi hadi saa nane. Matokeo yake nimepokea mashemeji, na hata wapangaji, wakijitambulisha kama baba wa mtoto, na mmoja alishindwa kulitaja jina la "mkewe". Nilicheka, kisha nikaona aibu, kwa sababu foleni hiyo niliipanga mimi.

Yule wa bodaboda hakupimwa siku ile. Alirudi Ijumaa, akatoa kidole, na tulipokuwa tukisubiri ile robo saa aliniuliza kama majibu yake nitampa mkewe. Nikamwambia sitampa, ni yake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza mbona yeye alipewa ya mkewe. Nilimjibu kwamba hakupewa na mtu. Aliyasoma mwenyewe katika kijitabu.