Gurudumu Moja, Cheni Mbili

Kila nikisimama na baiskeli yangu ya gurudumu moja, swali ni lile lile: cheni za nini? Wengi wameiona kwenye sarakasi, na ile ya sarakasi kwa kawaida haina cheni. Krenki, yaani vyuma vinavyobeba pedali, zimekazwa kwenye ekseli ya gurudumu lenyewe. Miguu ikizunguka mara moja, gurudumu nalo mara moja. Kwa mchezo wa jukwaani hilo linatosha kabisa. Mimi nilitaka ya kusafiria.

Gurudumu langu ni la inchi 36, ukubwa wa juu unaopatikana kwa urahisi ukiwa na tairi la upepo. Kila mzunguko linakupeleka mita 2.87. Ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika, unakwenda kilomita 13.8 kwa saa, na mwenye baiskeli ya Phoenix anakupita bila kutoka jasho. Kuongeza kasi kuna njia mbili: kuzungusha miguu kama sindano ya cherehani, au kulifanya gurudumu lizunguke zaidi ya miguu.

Waingereza walilikuta tatizo hili karne ya 19. Penny-farthing, ile baiskeli ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ilikuwa na krenki kwenye gurudumu la mbele, kwa hiyo aliyetaka kasi alitafuta gurudumu kubwa zaidi mpaka urefu wa miguu yake ukamgomea. Mwaka 1884 kampuni ya Hillman, Herbert & Cooper ya Coventry ikatoa Kangaroo: gurudumu la mbele likapunguzwa, krenki zikashushwa chini ya ekseli, na kila upande ukapewa cheni yake ya kuzidisha mizunguko. Naipenda sana Kangaroo. Ndiyo iliyonionyesha kwamba cheni zinaweza kupita pande zote mbili za gurudumu bila kuligusa. Siku hizi ipo pia habu (kitovu cha gurudumu) ya Schlumpf kutoka Uswisi, yenye gia kwa ndani, za uwiano wa 1.55, yaani miguu ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara 1.55, na unabadilisha gia kwa kugonga kitufe kwa kisigino. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini gia ndogo za ndani ya habu zinahitaji mashine nisizo nazo, ilhali sproketi (magurudumu madogo ya meno) na cheni naweza kuzishika, kuzipima na kuzibadilisha mwenyewe barazani.

Mpangilio wangu uko hivi. Habu ni bomba la chuma lenye kipenyo cha nje milimita 40 na cha ndani 32. Ndani yake inapita ekseli ya krenki ya milimita 20, iliyoshikwa na beringi namba 6804, na inazunguka peke yake bila kulishika gurudumu. Nje ya bomba hilo kuna beringi 6808, ambazo ndizo zinazokaa kwenye miguu ya foku, ule uma unaolishika gurudumu. Namba hizi mbili zinalingana na bomba hilo kama kidole na pete, na ukizitumia huhitaji habu nene ya kukutanua mapaja. Upande wa kulia, ekseli ya krenki ina sproketi ya meno 22, na cheni inapanda hadi ekseli fupi iliyolala juu ya tairi, kwenye sproketi ya meno 18. Ekseli hiyo fupi inavuka kwenda kushoto, na huko ina sproketi nyingine ya meno 22, inayoshusha cheni ya pili hadi meno 18 yaliyofungwa kwenye habu.

Kila hatua inazidisha kwa 1.222, na zote mbili pamoja zinatoa 1.494. Gurudumu langu sasa linakwenda kama la inchi 53.8, ukubwa wa penny-farthing ya mtu mrefu, nami nimekaa chini zaidi yake. Mizunguko ile ile 80 inanipa kilomita 20.6 kwa saa. Ningeweza kupata uwiano huu kwa namna nyingine nyingi, lakini nilichagua hatua mbili zinazofanana ili cheni zote ziwe na pingili 102, na akiba moja ifae upande wowote.

Miguu inalipa gharama yake. Nguvu inayofika ardhini inagawanywa kwa 1.494, na uzito wa gurudumu unapotaka kulikimbiza au kulizuia unausikia mara 2.23 zaidi, yaani uwiano wenyewe mara uwiano. Ndiyo maana niliacha krenki za milimita 125 nikafunga za 150. Kupanda na kuondoka ndiko kugumu zaidi. Mwili lazima uinamie mbele kuliko ulivyozoea, na lazima uiamini ile inamo.

Lakini hakuna kati ya hayo kilichonitesa kama ulegevu wa cheni.

Kabla rimu ya inchi 36 haijanifikia, nilijaribu mfumo huu kwenye gurudumu la Phoenix la inchi 28, kwa cheni zilizokwisha tumika. Zilionekana nzima. Nilikwenda mita kama 10, nikataka kupunguza mwendo, nikabana pedali kurudi nyuma. Pedali ikateremka bila kukuta kitu, kisha ikakamata kwa kishindo, nami nikarushwa mbele kwa mikono. Nilipozipima, kila cheni ilikuwa imerefuka nusu asilimia tu. Pingili 102 za milimita 12.7 ni milimita 1,295. Nusu asilimia yake ni milimita 6.5.

Kwenye baiskeli ya kawaida hizo milimita 6.5 huzisikii kamwe, kwa sababu mguu unasukuma upande mmoja tu, na fraiwili, ile sproketi ya nyuma inayoteleza bure ukirudisha pedali, inameza mengine. Kwenye gurudumu moja, ndani ya kila mzunguko unasukuma na unazuia, unasukuma na unazuia. Kuzuia huko ndiko kunakokuweka juu. Nusu kipenyo cha sproketi ya meno 22 ni milimita 44.6, kwa hiyo milimita 6.5 za cheni zinageuka nyuzi 8 kwenye krenki. Cheni ya pili inaongeza karibu 7. Kwenye pedali hizo ni sentimita 4 za kukanyaga hewa, kila unapobadilisha kutoka kusukuma kwenda kuzuia. Hakuna mizani ya mwili inayoweza kuvumilia hapo.

Tangu siku hiyo niliuchora upya mfumo wote nikiuwinda ulegevu. Sproketi iliyozungushwa kwenye uzi wa habu haifai, kwani ukizuia kwa mguu inajifungua. Yangu imekazwa kwa boliti sita. Ekseli ya juu inakaa kwenye vishikizo vinavyopanda na kushuka. Ukiinua milimita 3.25 umemaliza zile 6.5, maana cheni ina pande mbili. Usitegemee kukaza nati peke yake zishikilie vishikizo hivyo. Mtu wa kilo 80 akisimama kwenye pedali moja ya krenki ya milimita 150, cheni ya kulia inavuta kwa nguvu ya kilo 269, na inavuta kwenda chini. Chini ya kila kishikizo niliweka boliti ya kusukumia, chuma kikae juu ya chuma.

Nilihofia cheni ya kulia itarefuka mapema kwa kuwa ndiyo inayobeba nguvu kubwa. Haikuwa hivyo. Ya kushoto inabeba pungufu lakini inakimbia haraka zaidi, na kwa kiwango kile kile, basi zimekuwa zikilegea pamoja.

Breki ya rimu ni lazima, maana nguvu ya kuzuia kwa miguu nayo imegawanywa. Na cheni zinapanda karibu na magoti, kwa hiyo zifunike kabla hujazunguka hata mara moja. Mimi nilikunja bati jembamba.

Kabla ya kila safari naishika breki, naisukuma pedali kwa mkono mbele na nyuma, na kusikiliza. Nikisikia "tak" moja tu, naegesha, natoa spana, nainua ekseli.