Saa saba mchana hata mbuzi wako kivulini

Nilipokwenda Chamwino, mkoani Dodoma, kujitolea kwenye uhamasishaji wa afya ya macho, nilijiambia neno "mgeni" litawahusu wenzangu wawili Wazungu tu. Mimi mtoto wa Temeke, Kiswahili changu, ugali wangu. Gari likatushusha, akina mama wakatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", na wote watatu tukatoa macho. Ilikuwa Oktoba, mvua bado, ardhi nyekundu imepasuka. Mambo niliyokwenda nikiyaamini nayasikia mpaka leo kwa vijana wanaofunga mabegi kwenda vijijini.

"Aliyezoea joto la Dar hasumbuliwi na Dodoma."

Hapa niliumbuka mapema. Dar unajua unapoteza maji kwa sababu shati linakuganda mgongoni. Dodoma hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, nawe unadhani mwili umetulia. Nilishinda na chupa ya nusu lita. Kufika saa tisa alasiri kichwa kinagonga kama kinu na mkojo umekuwa rangi ya chai. Bibi aliyetupokea hakuniuliza kitu. Alinipa kikombe cha maji, akajaza tena, akasema, "Mjukuu wangu, huku maji hayangoji kiu." Na ukiharisha au kutapika, maji matupu hayatoshi. Kama hakuna pakiti ya ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, changanya lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vya kufuta, si vya mlima.

Kuhusu mavazi, kaptura na fulana ya mikono mifupi zinakuanika tu. Waangalie wenyeji: shati la mikono mirefu, kitenge, kilemba. Blanketi nalo usiliache, maana Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai unatetemeka.

"Wanakijiji wanashinda wamekaa chini ya mti."

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, labda kwa sababu niliisema mwenyewe, kwa sauti, siku ya pili.

Ratiba yangu ilikuwa hivi: naamka saa moja na nusu, nakunywa chai, napekua simu, saa nne niko tayari kwa kazi. Saa nne ndiyo saa ambayo wenyeji wangu wanarudi. Bibi alikuwa ameondoka saa kumi alfajiri kuwahi foleni ya kisima, maana anayechelewa hukuta kina kimeshuka na husubiri maji yajikusanye tena. Dumu la lita 20 ni kilo 20 kichwani, na alikwenda mara mbili. Kijana wake alikuwa ametoka na jembe nyota zikiwa bado juu, anasafisha shamba kungojea mvua za Desemba. Kazi nzito ya siku ilikuwa imekwisha kabla sijafungua mlango.

Mimi nikaitisha kikao saa saba mchana. Hakuja mtu. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kulalamika, nikamkuta kwenye kigoda anasuka kamba. "Mwanangu," akasema, "saa saba hata mbuzi wako kivulini."

Kumbe huko kivulini ndiko ofisini. Pale wanapukuchua, wanashona, wanasuluhisha ugomvi wa mipaka, wanapanga michango ya msiba. Kikao changu kilihamishiwa saa kumi na moja jioni. Watu walikuja na vigoda vyao, wengi, na aliyechelewa nilikuwa mimi.

"Maji hakuna, kwa hiyo usafi wa uso ni anasa."

Tuliikuta kwa wageni na kwa wenyeji pia. Trakoma, ambayo wengi huiita vikope, huletwa na bakteria wanaopita kwenye mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye matongotongo ya watoto. Ukiambukizwa tena na tena kwa miaka, ukope hujikunja ndani na kope hukwaruza jicho mpaka mtu anapofuka. Wanawake huumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto. Mama mmoja alituambia waziwazi: maji nayabeba kichwani, nitayamwagaje kwenye uso utakaochafuka tena?

Tukachukua chupa ya lita moja na mpira wenye tundu dogo, kibuyu chirizi cha haraka haraka, tukapanga watoto. Kimoyomoyo nilikadiria watano. Tulipofika wa ishirini maji bado yapo, na yule mama ndiye aliyekuwa anahesabu kwa sauti.

"Nyumba ya tembe ni umaskini, bati ni maendeleo."

Ingia ndani ya tembe saa nane mchana. Paa la miti na udongo limezuia jua, kumepoa kama kando ya mtungi. Chumba changu cha bati saa hiyo kilikuwa tanuri. Lakini msiniambie narudi kusifia kila cha kale: kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo wanajificha papasi, aina ya kupe, wanatoka usiku kunyonya damu, na homa yao inaondoka na kurudi. Sakafu isiyo na nyufa na kitanda kilichoinuliwa husaidia.

"Kijiji kinangoja wazo la mgeni."

Wilaya ya jirani ni Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mradi mkubwa wa karanga, wakitarajia kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Wanajeshi wastaafu waliomba kazi kwa wingi, vifaru vya vita vikageuzwa matrekta. Visiki vikavunja majembe, kiangazi kikaukausha udongo ukawa kama saruji, na mvua hazikufuata kalenda ya London. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na mamilioni ya pauni yamekwenda.

Eneo lile hupata mvua za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Ndiyo maana Wagogo wamekaa na uwele na mtama, mazao yanayovumilia ukame, na ugali wake unashuka vizuri kwa mlenda. Sikuupenda siku ya kwanza. Wiki ya tatu nilikuwa naomba nyongeza.

Siku ya kuondoka bibi alinifungia mfuko kwenye kipande cha kanga, akasema nitafune njiani. Niliufungua tulipofika Gairo. Zilikuwa karanga, za kashamba kake kadogo nyuma ya nyumba, alizopanda katikati ya mtama.