Uteuzi asilia hauna mteuzi, na "fiti" yake sio ya jimu

Juzi kwenye grupu la ukoo baba mdogo katuma voisi ya dakika nne. Kwa kifupi anasema hospitali za siku hizi zimekomesha uteuzi asilia, zamani mtoto dhaifu alikuwa anaondoka mwenyewe wanabaki wenye nguvu, leo tunabeba kila mtu kwa dawa na chanjo ndo maana kizazi kimekuwa cha chipsi mayai. Watu wakaweka vidole gumba. Dada yangu yumo humo humo kwenye grupu, na mwanawe wa miaka saba ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tiki zikawa bluu, hakuandika kitu.

Sio mara ya kwanza kuisikia hii, nimeisikia kwenye daladala, kibanda cha kahawa, hadi kwa mtu mwenye digrii yake kabisa. Nimechoka, kwahiyo ngoja niandike.

Maana yenyewe ya uteuzi asilia ni fupi. Viumbe wa aina moja hawafanani, baadhi ya tofauti zao zinarithiwa, na zile tofauti zinazomfanya mwenye nazo aache watoto wengi kuliko wenzake, watoto waliokua wakazaa na wao, zinaongezeka kizazi hadi kizazi. Basi. Hamna nguvu humo, hamna ubora, kuna hesabu ya watoto tu. Bondia bingwa asiye na mtoto kapata sifuri, na yule mwembamba mwenye pumu aliyezaa wanane wakakua wote kapata nane.

Shida ni maneno, na hapa nitakaa kidogo manake ndo panaponiuma.

Anza na "uteuzi". Kwa Mtanzania ukisema uteuzi anasikia taarifa ya saa mbili usiku, fulani kateuliwa, fulani uteuzi wake umetenguliwa. Yaani kuna mtu kakaa mahali na orodha, anaangalia nani anafaa nani hafai. Ndo maana watu wanaongea kana kwamba maumbile yana ofisi, na daktari anakuja kutengua uteuzi wa maumbile. Hakuna ofisi. Na wala sio kosa la mtafsiri wa Kiswahili, kwa Kiingereza chenyewe neno lina kasoro hiyo hiyo, na mmoja wa waliolalamika alikuwa Alfred Russel Wallace, yule aliyefikia wazo hilo hilo kivyake bila kumsubiri Charles Darwin, mwenye kitabu cha Origin of Species. Mwaka 1866 alimwandikia Darwin barua kwamba hili neno linawafanya watu wadhani kuna mwenye kuchagua, akamshauri atumie msemo wa mwanafalsafa Mwingereza Herbert Spencer wa 1864, ule wa kwamba anayebaki ni aliye "fit" kuliko wote. Darwin akauingiza kwenye toleo la tano la kitabu chake mwaka 1869. Sasa hapo ndo wakaruka mkojo wakakanyaga mavi, manake dunia nzima ikausoma kama mwenye nguvu mpishe.

Na sisi huku tumeongeza ya kwetu, kwasababu "fiti" imeingia Kiswahili kwa milango miwili. Kuna fiti ya jimu, "jamaa yuko fiti", kifua mbele. Halafu kuna fiti ya fundi, "hii nati haifiti hapa, lete nyingine". Ile ya Spencer na Darwin ni ya fundi! Nati namba 13 sio dhaifu kuliko namba 17, inategemea bolti iliyopo mbele yako, ukibadilisha bolti na nati inayofaa inabadilika. Hakuna nati iliyo bora kwa bolti zote duniani, na ukimwambia fundi "nipe nati yenye nguvu kuliko zote" atakuuliza ya kufungia nini.

Neno la tatu ni "asilia". Limetoka Kiarabu, asili, yaani chanzo au shina la kitu, lakini mtaani limeshakuwa kinyume cha kisasa, dawa asilia dhidi ya dawa za hospitali. Basi mtu akisikia uteuzi asilia anaona porini, simba na swala, na akiona dripu na chanjo anahisi asili imefungiwa nje ya geti. Lakini asilia hapa maana yake ni kwamba hakuna aliyekaa akapanga, kinyume chake ni mfugaji anayechagua dume la kupandisha. Sio kinyume cha hospitali. Mazingira ya binadamu yamejaa kazi za mikono ya binadamu tangu zamani, na uteuzi haukuwahi kusimama kwasababu hiyo. Chukua maziwa. Watu wazima wengi duniani tumbo linawasumbua wakinywa maziwa, ila kati ya jamii za wafugaji wa Kenya na Tanzania, Wamasai wakiwemo, wengi wana badiliko kwenye kinasaba linalowafanya waendelee kumeng'enya maziwa hadi uzeeni, na badiliko hilo ni tofauti na lile la Wazungu, limetokea huku kivyake na kusambaa ndani ya miaka elfu chache tu. Nani alileta ng'ombe kwenye boma? Binadamu. Ng'ombe ni teknolojia kama sindano ilivyo, tumemzoea tu.

Sasa turudi kwa huyu mtoto wa dada wa miaka saba, manake kisa chake kinamjibu baba mdogo kuliko maneno yangu yote.

Selimundu wengi wanaijua. Ukirithi jeni (kinasaba) ya mundu kwa wazazi wote wawili unakuwa SS, chembe nyekundu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, maumivu ya mifupa, damu kupungua. Ukirithi kwa mmoja tu unakuwa AS, na kwa kawaida unaishi maisha yako bila hata kujua. Mtu wa kuunganisha hili na malaria alikuwa Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 akizunguka kupima damu aliona kitu cha ajabu, Pwani na kando ya Ziwa Victoria AS walikuwa wengi, zaidi ya mmoja kati ya watano sehemu nyingine, ila ukipanda nyanda za juu wanakaribia kuisha. Akawaza malaria. Mwaka 1954 akatoa matokeo ya watoto 290 wa Kiganda karibu na Kampala: kati ya 43 wenye AS, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, na kati ya 247 wasio nayo, 113 walikutwa navyo. Baadae utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, ukaonyesha AS inapunguza malaria kali kwa kama asilimia 90.

Umeona mtego? Huko zamani ambako baba mdogo anakusifia, kabla ya vidonge na vyandarua, uteuzi asilia ndo uliokuwa unaipandisha selimundu. AS walipona malaria wakazaa, wakikutana AS kwa AS wanazaa SS, SS wanazikwa wadogo, na jeni inabaki pale pale juu kwasababu kila inachopoteza kwa SS inakirudisha kwa AS. Maelfu ya miaka ya "dhaifu anaondoka mwenyewe" hayakuufuta huo ugonjwa hata kidogo, yameutunza.

Haya, dawa sasa. Dada asubuhi anampa haidroksiyurea na folik asidi, anajaza chupa ya maji ya lita moja ambayo lazima irudi tupu kutoka shule, na mwezi wa saba mtoto anavaa sweta hapa hapa Dar, watu wanacheka, yeye hajali kwasababu anajua baridi inafanya nini kwa ile mifupa usiku. Mtoto analala kwenye chandarua. Kwahiyo dawa na vyandarua vinafanya vitu viwili kwa wakati mmoja, vinampunguzia SS kufa, na vinampunguzia AS faida aliyokuwa nayo dhidi ya wenzake, manake malaria ikishuka kinga ya malaria haina soko. Huo ni uteuzi kubadilika, mizani imehamishwa pande zote mbili.

Piga hesabu kama unabisha. Chukua mji ambao kati ya kila nakala 100 za jeni hiyo, 10 ni za mundu. Hapo AS watakuwa 18 kati ya watu 100, na SS mtoto mmoja kati ya 100 wanaozaliwa. Tuseme malaria imeisha kabisa leo, na kila SS anakufa bila kuzaa kama zamani. Je jeni inaisha? Itachukua vizazi 10 kushuka kutoka 10 hadi 5, ukihesabu kizazi miaka 25 hiyo ni miaka 250, kwasababu nakala nyingi zimejificha kwa AS ambao hawaumwi. Sasa tuseme malaria imeisha na SS wote wanatibiwa, wanaoa na kuolewa na kuzaa kama wengine. Jeni inapanda? Haipandi. Inakaa 10 kwa 100. Watu wengi hii inawashinda, wanadhani ukiacha kumuua mgonjwa ugonjwa unaongezeka wenyewe, wakati ukiondoa msukumo kitu kinakaa kilipo.

Na sio kwamba dawa imebadilisha kwenye selimundu peke yake. Tanzania ya 1999 watoto 147 kati ya kila 1,000 walikuwa wanakufa kabla ya kufika miaka mitano, mwaka 2022 ni 43. Yaani ule mlango wa vifo vya utotoni, ambao ndo ulikuwa unafanya kazi kubwa ya kuchuja, umezibwa sana. Ila mlango wa pili uko wazi, nani anazaa wangapi. Mwaka huo huo wa 2022 mwanamke wa kijijini alikuwa na wastani wa watoto 5.5 na wa mjini 3.6. Tofauti kubwa ya hapo ni shule na kipato na uzazi wa mpango, sio vinasaba, lakini popote penye tofauti ya idadi ya watoto na kitu kidogo cha kurithi ndani yake, uteuzi una pa kushika. Kule Framingham, Marekani, ambako hospitali zipo za kutosha, watafiti waliwafuata wanawake kwa miongo kadhaa, na mwaka 2010 wakasema mwelekeo unaonekana, waliozaa zaidi ni wafupi kidogo, wanene kidogo, wenye kolesteroli ya chini. Wanene na wafupi! Mwambie mtu wa jimu.

Kuna pia ile ya upasuaji wa kujifungua, mwaka 2016 watafiti wa Vienna walisema huenda watoto wasiopita kwenye nyonga wameongezeka kutoka 30 hadi kati ya 33 na 36 kwa kila 1,000 kwasababu mama na mtoto sasa wanapona wote. Magazeti yakaandika kama kitu kilichopimwa leba. Ilikuwa modeli ya hesabu, na ni vizuri mtu akiisimulia aseme hivyo.

Na ukitaka kuona dawa ikifanya uteuzi waziwazi usimwangalie binadamu, sisi tunachelewa mno, miaka 25 kizazi kimoja. Mwangalie kimelea. Waliokula klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, wanaikumbuka, ukimeza unajikuna mwili mzima usiku kucha. Iliachwa Tanzania 2001 kwasababu vimelea vingi vilikuwa haviisikii tena. Malawi waliiacha mapema, 1993, na miaka kama kumi na mbili baadae walipowajaribu nayo watoto 80 ikashindwa kwa mmoja tu. Yaani dawa ilipoondoka, vimelea sugu navyo havikuwa tena fiti. Nati ile ile, bolti imebadilishwa.

Basi nikamwandikia baba mdogo inboksi, sio kwenye grupu, manake ni baba yangu. Nikamwambia: Shikamoo baba mdogo. Ile voisi, neno moja tu, usiseme dawa imekomesha uteuzi asilia, sema imebadilisha nani anaacha watoto na kwa sababu gani. Halafu huyo mjukuu wako SS, nusu ya jeni zake imetoka kwa dada, na ya dada lazima imetoka kwa baba au kwa mama, kwahiyo kama ni upande wa baba basi huenda na wewe ni AS, na umekulia Muheza enzi ambazo malaria ilikuwa inabeba watoto kila msimu wa mvua. Ungepima tu ujue.

Akakaa kama saa nzima. Halafu akajibu: Marahaba mwanangu. Hicho kipimo wanapima wapi?